Mabega Juu, Nyonga Chini: Kuchonga na Kuvaa Mwili wa Fisi

Mimi ni mchongaji wa mpingo na mtengenezaji wa vinyago vya kuvaa, na ndani yangu mimi ni fisi. Nikisema hivyo simaanishi kwamba mwili wangu hugeuka usiku, wala sidai nguvu ambayo jirani yangu hana. Tangu utotoni shingo yangu imetaka kukaa chini kuliko inavyokaa, uzito wangu umetaka kwenda mbele, na masikio yametaka kugeukia sauti. Mnyama pekee ambaye umbo lake linaafikiana na hisia hiyo ni fisi madoa. Wenye hali kama yangu wapo nchi nyingi. Walianza kukutana kwenye intaneti miaka ya 1990 na hujiita theriani. Yupo aliye mbwa mwitu, yupo chui, yupo kunguru. Wote wanajua kwamba wamezaliwa binadamu, wanafanya kazi na kulea watoto kama watu wengine.

Hapa kwetu kusema hivi kuhusu fisi ni jambo zito. Methali zimempa ulafi na upumbavu, ndiye aliyeshindwa na njia mbili, na hadithi za vijijini zimempandisha wachawi mgongoni. Watu wameuawa nchini mwetu Tanzania kwa tuhuma tupu za uchawi, kwa hiyo jina langu silitaji hapa. Kijana mwenye hisia kama hizi afikirie vizuri anamwambia nani. Lakini udongo na mti havimshtaki mtu, na huko ndiko nilikopata nafasi ya kusema kwa ukamilifu.

Binadamu kujichanganya na mnyama kwa njia ya uchongaji ni jambo la kale mno. Mwaka 1939, katika pango la Hohlenstein-Stadel kusini mwa Ujerumani, vilichimbuliwa vipande vya pembe ya mamothi, mnyama wa kale wa jamii ya tembo, ambavyo baadaye viliunganishwa vikatoa mtu aliyesimama wima mwenye kichwa cha simba. Ana urefu wa sentimita 31 hivi na umri wa miaka kama 40,000, na leo yuko kwenye makumbusho ya mji wa Ulm. Waliojaribu kumchonga upya kwa zana za mawe walitumia saa karibu 400. Ninachokipenda kwake ni kwamba mchongaji hakubandika kichwa cha simba juu ya shingo ya mtu. Kichwa na mabega ni kitu kimoja, na masikio yamesimama kama ya anayesikiliza. Yule mchongaji alijua unyama unaingilia wapi.

Unaingilia kwenye mabega. Ndiyo hoja yangu yote, na ndipo ninapotofautiana na wengi wanaotengeneza mavazi ya wanyama. Wengi huanza na ngozi: rangi, madoa, manyoya, macho makubwa ya kupendeza. Matokeo yake ni mwanasesere. Anayetaka kuvaa kwa furaha ya sherehe, kama wafanyavyo mashabiki wa wahusika wa kinyama huko Marekani na Ulaya, hakosei hata kidogo, na ufundi wao umenifundisha mengi. Ila kwa mtu ambaye mnyama ndiye nafsi yake, vazi linalobadilisha sura bila kubadilisha mkao humwacha na njaa ileile aliyokuja nayo.

Tumtazame fisi mwenyewe. Fisi madoa ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, shingo nene, na mgongo unaoteremka kutoka mabegani hadi mkiani. Urefu wake begani ni kati ya sentimita 70 na 90 hivi, na uzito wake mara nyingi ni kilo 45 hadi 70. Huo ni uzito wa mtu mzima. Kila ninapomfinyanga nakumbuka kwamba kilo zetu ni zilezile, zimepangwa tu mahali tofauti. Kwenye fuvu kuna ukingo wa mfupa unaopita katikati ya utosi, na hapo ndipo inaposhika misuli inayofunga taya. Mifupa ya mashavu imetanuka kuipa misuli hiyo nafasi, na pua ni fupi na nene. Nyuma ya chonge kuna meno manene yenye umbo la pia, ya kuvunjia mifupa.

Kwa mwonekano watu humfananisha na mbwa, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na paka na nguchiro. Ndiyo maana anayechukua kielelezo cha kichwa cha mbwa akakipaka madoa hapati fisi. Paji la mbwa lina kituo, yaani bonde dogo, kati ya macho kabla pua haijaanza. La fisi limejaa, linateremka kwa mstari mmoja mzito, kwa sababu ndani yake kuna matundu ya hewa yanayorudi nyuma hadi juu ya ubongo. Nikifinyanga udongo naanza na ukingo wa utosi na mashavu, kisha taya. Macho huja mwisho kabisa.

Halafu kuna suala la kicheko. Karibu kila sanamu ya fisi niliyoiona madukani inacheka, midomo imevutwa na meno yako nje. Sauti ile tunayoiita kicheko hutoka kwa fisi aliyebanwa, anayefukuzwa kwenye mzoga au aliyejaa wasiwasi. Kumchonga hivyo ni kumchonga katika saa yake ya woga. Jamii ya fisi madoa inaongozwa na majike, ambao ni wakubwa kuliko madume, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Jike mwenye cheo hutembea masikio yakiwa mbele, mdomo umefungwa, na akichangamka mkia husimama juu. Huyo ndiye ninayemchonga. Nikimwona amekaa kimya kwenye meza ya karakana yangu, mashavu mapana na macho yaliyotulia, najiona.

Kwa sanamu natumia mpingo. Ni mti mzito unaozama majini, na uzito huo unamfaa fisi. Moyo wake ni mweusi na ganda lake la ndani ni la rangi ya maziwa ya njano. Wachongaji wengi hulitoa lote, lakini mimi huacha ukanda wake kuanzia kisogoni hadi kati ya mabega, ukawa singa. Kazi kubwa hufanywa kwa tezo na patasi, halafu tupa, msasa na nta. Kuhusu umbo la nusu mtu nusu mnyama, deni langu liko kwa Wamakonde, hasa mtindo wa shetani ulioanzishwa na Samaki Likankoa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Yeye aliwachonga viumbe wa mawazoni, si hali kama yangu. Lakini alionyesha kwamba mpingo unaweza kubeba mwili usiofuata mpangilio wa binadamu, na kwamba kiungo kikirefushwa kwa makusudi jicho hukikubali.

Kuvaa ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu sasa ndani ya sanamu kuna mtu anayepumua. Tena ni Wamakonde walionifungulia mlango. Lipiko, kinyago cha ngoma ya mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi na kufunika kichwa kizima kama kofia, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago. Ngoma ile ina miiko yake ya jando na siichezei. Nilichochukua ni mahali pa jicho. Kichwa cha fisi kinapochomoza mbele ya paji la mvaaji na kuelekea chini kidogo, mdomo ulioachwa wazi kwa upana wa vidole viwili huwa usawa wa macho yake. Naweka wavu mweusi nyuma ya meno. Anayetazama kwa nje haoni kitu, na aliye ndani anaiona njia pamoja na miguu yake, jambo ambalo matundu ya machoni hayampi.

Macho ya kinyago basi yanabaki huru kufanya kazi yao. Nayatengeneza kama vikombe viwili vilivyobonyea kwa ndani, na mboni nachora chini ya kikombe. Kwa sababu ya kina hicho, mtazamaji akisogea kushoto au kulia macho huonekana kumfuata.

Mwili wa kichwa ni sponji ngumu ya godoro, iliyokatwa vipande na kugandishwa juu ya kofia inayobana vizuri. Gundi ya mpira ina mvuke mbaya, kwa hiyo kazi hiyo hufanyika nje, na kichwa hakivaliwi mpaka harufu iishe kabisa. Taya ya chini inaning'inia kwa lastiki na imeshikizwa kwenye kidevu cha mvaaji. Akifungua mdomo wake, fisi naye anafungua.

Sasa mabega. Kichwa kikikaa juu ya shingo ya mtu peke yake, mtu anabaki mtu aliyevaa kichwa. Ndiyo maana ninatengeneza fremu nyepesi ya alumini inayolala begani, yenye mito ya sponji inayoinua mabega hadi karibu na masikio. Kichwa kinaegemea fremu hiyo kwa mikanda, na singa inashuka kutoka utosini hadi katikati ya mgongo ili shingo ya binadamu ipotee. Mizani naiacha ielekee mbele kidogo kwa makusudi. Mvaaji analazimika kuishusha shingo na kuubeba uzito kifuani, na hapo hatua zake zinabadilika bila kuambiwa. Nimewaona watu wakinyamaza ghafla wanapovaa fremu tu, kabla hata ya kichwa, halafu wakaomba wasivuliwe kwanza.

Kutembea kwa miguu minne ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa fisi. Miguu ya binadamu ni mirefu kuliko mikono, kwa hiyo ukiinama nyonga zinapanda juu ya mabega, na fisi anakuwa amegeuzwa. Inawezekana kwenda kasi namna hiyo. Mjapani Kenichi Ito, aliyejifunza kwa kuwatazama nyani, alikimbia mita 100 kwa mikono na miguu kwa sekunde 15.71 mwaka 2015. Lakini huo ni mwendo wa nyani. Mimi nakata magongo ya hospitali yawe mafupi, naweka mshikio katikati na mpira chini, ili mkono urefuke na kifundo kibaki kimenyooka. Magoti yanakunjwa, mgongo unateremka, na mabega hatimaye yanakuwa juu. Mazoezi yafanyike kwenye nyasi au mchanga, kwa muda mfupi mfupi, la sivyo vifundo vitaumia.

Joto la pwani nalo halina mchezo. Navaa baada ya jua kuzama, nikiwa na mtu wa kunisindikiza na maji, na ndani ya pua ya kinyago kuna feni ndogo ya kompyuta.

Manyoya huja mwisho. Ni kitambaa cha manyoya ya bandia, ninachokipunguza kwa mashine ya kunyolea mpaka kifuate misuli niliyoijenga chini yake. Singa ya fisi madoa hulala kuelekea mbele, kwa hiyo kitambaa cha shingoni nakishona kinyume na cha mgongoni. Madoa si duara safi na hayalingani, na hufifia kadiri mnyama anavyozeeka. Mtoto huzaliwa na rangi ya giza tupu. Kwa hiyo nikimtengenezea mtu namwuliza kwanza ni fisi wa umri gani. Ngozi halisi, jino wala fuvu halisi sigusi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inazihesabu hizo kuwa nyara, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Hata isingekuwepo sheria, nisingevaa maiti ya ndugu.

Kichwa na fremu havipandi daladala. Kwa siku za kawaida natengeneza vidani, na hivyo ndivyo ninavyoombwa zaidi. Nachonga mpingo kwa umbo la lile jino la kuvunjia mifupa, kubwa kuliko la kweli ili liwe zito, na nalifunga kwa kamba fupi lilale juu kabisa ya kifua, pale mifupa miwili ya mtulinga inapokutana. Mwenye kulivaa chini ya shati haonekani kuwa na chochote. Likivuta mbele kidogo kila anapoinama, limefanya kazi yake.