Mkono wa muuzaji, karatasi ya muuzaji

Mama mmoja alikuja ofisini na bahasha ya kaki, akatoa karatasi zake moja moja na kuzipanga mezani kama anayepanga karata. Gari lilikuwa na wiki tano tangu litoke yadi. Giaboksi ilikuwa imeanza kugoma: ukiweka gia ya tatu inagonga, ukiweka ya nne inarudi yenyewe. "Yule kijana aliniambia ndani ya miezi sita likiharibika chochote wanabeba wao," alisema. Nikafungua mkataba. Ukurasa wa pili, kwa herufi za kutafuta na miwani, ulisema gari linauzwa kama lilivyo na muuzaji hatawajibika kwa hitilafu yoyote baada ya makabidhiano. Saini yake ilikuwa chini ya mstari huo huo, ya kalamu ya bluu, nzuri kabisa.

Kilichonishangaza ni kwamba kwenye bei hakupigwa. Alipatana siku tatu, akatoka na punguzo ambalo hata mimi nisingelipata. Nguvu zote alizimalizia pale. Ilipofika zamu ya karatasi alikuwa amechoka, amefurahi, na kijana wa mauzo alikuwa ameshakuwa kama mwanawe.

Kazi yangu ni kushughulikia malalamiko ya walaji, na haya ya magari nimeyasoma kwa miaka. Ugomvi wa bei tupu ni nadra. Anayeona bei ni kubwa huondoka akajaribu kwingine. Malalamiko yanayofika mezani kwetu ni ya pengo kati ya kilichosemwa na kilichoandikwa, na pengo hilo huchimbwa na pande zote mbili.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameshaikataa. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, na makala ile ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa sababu. Hoja yake haihitaji shahada. Muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui. Kwa kuogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, mnunuzi anatoa bei ya katikati: si ya gari zima, si ya gari bovu. Mwenye gari zima anaona analaliwa, analirudisha nyumbani. Mwenye gari bovu anaona neema, analileta. Magari mazima yanapungua sokoni, mnunuzi anazidi kuogopa, bei inazidi kushuka, na mwishowe yanabaki mabovu tu yakitazamana.

Tazama anayeumia kwanza hapo. Ni muuzaji mkweli. Tapeli hana hasara, kwa sababu bei ya katikati kwake ni faida. Ndiyo maana huwa nawaambia wenye yadi kwamba dhamana ya maandishi inawasemea kuliko tangazo lolote. Aliyeweka gari zima hatumii kitu kikubwa kuahidi miezi sita. Aliyeweka gari bovu atafilisika akiahidi hivyo. Kwa hiyo mnunuzi akiuliza, "Mnaweza kuniandikia hilo?", jibu la muuzaji linalieleza gari vizuri kuliko rangi yake inavyolieleza.

Sasa tumtazame muuzaji mwenyewe, maana watu humchukulia kama rafiki au kama mwizi, na mara nyingi si yeyote kati ya hao. Wengi wao wanalipwa mshahara mdogo wa msingi na kamisheni kwa kila gari, tena kuna lengo la mwezi la kufikisha. Anapokwambia "ngoja nimuulize bosi", mara nyingi ni kweli hana mamlaka ya kushusha zaidi. Mara nyingine anasimama tu nyuma ya mlango dakika nne, kisha anarudi na uso wa mtu aliyekupigania. Huwezi kujua ni ipi kati ya hizo, wala huna haja ya kujua. Muulize mapema, kwa adabu: wewe mwenyewe unaruhusiwa kushusha hadi wapi, na nani anayesaini? Ukishamjua mwenye kalamu, mchezo wa mlango unakufa. Mwisho wa mwezi pia unaweza kupata unafuu, ila usiende kununua gari usilolitaka kwa sababu tarehe ni nzuri.

Kwenye bei, kosa kubwa ninaloliona ni kuifikiria kama namba moja. Kuna bei ya gari. Kuna thamani watakayolipa gari lako la zamani, kama unalitoa na kuongeza pesa. Kuna gharama ya mkopo. Kisha kuna vikorokoro vya mwishoni: bima, dhamana ya nyongeza, kifaa cha kufuatilia gari, ada ya kuandaa nyaraka. Muuzaji mzoefu anaweza kukushushia hapa akapandishia pale, nawe ukatoka kifua mbele. Nimeona mtu aliyepewa punguzo kubwa la gari jipya, na lote likarudi kupitia gari lake la zamani lililothaminishwa kama chuma chakavu. Malizana na kila bei peke yake, na ya gari ndiyo itangulie. Ukiulizwa, "Unatoa la zamani?", hakuna dhambi kusema bado unafikiria.

Swali la kulihofia kuliko yote linaulizwa kwa upole sana: "Kwa mwezi ungependa ulipe kiasi gani?" Ukishalijibu, umehamishwa kutoka kwenye bei kwenda kwenye rejesho, na rejesho linaweza kufanywa dogo kiasi chochote kwa kunyoosha muda. Chukua mkopo wa 100, wa fedha yoyote uijuayo, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye deni lililobaki. Ukilipa kwa miezi 36, kila mwezi unatoa 3.32, na mwishoni umetoa karibu 120. Ukinyoosha hadi miezi 60, rejesho linashuka hadi 2.22 na moyo unatulia, lakini jumla imefika 133. Miezi 72 ni 1.96 kwa mwezi, na jumla karibu 141. Gari ni lile lile, na miaka ile ya mwisho unalipia kitu ambacho huenda tayari kina matairi ya pili au ya tatu.

Halafu kuna riba ya aina nyingine, ile inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwaka hata kama umeshalipa nusu. Asilimia 12 ya namna hiyo, kwa miezi 36, inafanya jumla iwe 136. Ukiigeuza kwa hesabu ya deni linalopungua, unakuta umetozwa riba ya zaidi ya asilimia 21. Namba inayotangazwa ni ile ile 12. Kwa hiyo usiulize riba ni ngapi pekee. Uliza: hadi siku ya mwisho nitakuwa nimetoa jumla ya kiasi gani? Aandike hiyo namba moja, na atie sahihi chini yake.

Kuna jambo jingine la bei ambalo wauzaji hawapendi kulisikia. Mwaka 1995 Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha utafiti uliofanyika Chicago. Waliwafundisha watu kupatana kwa mbinu na maneno yale yale, wakawatuma kwa wauzaji wa magari mapya zaidi ya mara 300. Wanaume wazungu walitajiwa bei za chini kuliko wanawake na kuliko Wamarekani weusi. Maneno yalifanana, uso ndio uliobadilika. Sidhani tabia hiyo ina uraia. Popote bei inapotajwa baada ya mteja kutazamwa juu hadi chini, viatu vyake vinaingia kwenye hesabu. Dawa yake ni kuitanguliza bei mbele ya uso: omba kwa ujumbe, kwa yadi mbili tatu, bei kamili ya gari lile lile pamoja na ada zote, kabla hujaenda. Marekani waliiona haja hiyo mapema. Tangu sheria ya mwaka 1958 iliyosukumwa na seneta Mike Monroney, gari jipya hubandikwa kwenye kioo karatasi yenye bei iliyopendekezwa na mtengenezaji na orodha ya vilivyomo. Haikumaliza kupatana, ila mazungumzo sasa yana pa kuanzia ambapo pande zote mbili zinapaona.

Tukija kwenye huduma, watu huipima kwa tabasamu la siku ya kununua. Kijana wa mauzo, ukishaondoka, huenda msionane tena. Utakaoonana nao ni watu wa karakana. Kwa wauzaji wengi faida ya gari jipya lenyewe ni nyembamba. Pesa iko kwenye mikopo, nyongeza na matengenezo. Ushauri wangu unawachekesha watu, lakini ni huu: kabla ya kwenda kutazama magari, nenda upande wa karakana ukakae nusu saa. Sikiliza wanaokuja kuchukua magari yao. Wanaambiwa nini kuhusu vipuri? Wanaonyeshwa kilichobadilishwa au wanapewa risiti tu? Nusu saa pale inakupa habari ambayo hakuna muuzaji atakayekupa.

Nisiwasahau wateja wenzangu. Mtu anaficha kuwa gari lake la zamani linakula oili, kisha analalamika kwamba wauzaji si wakweli. Mwingine anamchukua muuzaji mchana mzima, anajaribu magari manne, anachukua maelezo yote, kisha ananunua kwingine kwa tofauti ndogo bila hata kuaga. Muuzaji aliyefanyiwa hivyo mara tano, mteja wa sita anakuta mlango umeshafungwa nusu.

Kwa gari lililotumika, macho yako yana kazi kabla ya masikio. Mita inaweza kurudishwa nyuma, na siku hizi inarudishwa kwa kompyuta bila hata kushika bisibisi. Lakini mpira wa pedali ya breki haurudi nyuma. Gari linalodai kilomita 40,000 huku pedali imelika hadi chuma kinang'aa, usukani umekuwa laini kama sabuni na ukingo wa kiti cha dereva umelala, lina maswali ya kujibu. Tazama ubavuni mwa tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Ikiwa ni ile ya kimataifa yenye herufi na tarakimu 17, haina I, O wala Q. Ukikuta mojawapo, ama umesoma vibaya ama imechezewa. Kisha mlete fundi wako mwenyewe, si aliyependekezwa na yadi. Wakikataa, shukuru na uondoke.

Yule mama wa giaboksi alikuwa na bahati ambayo hakuijua. Ile ahadi ya miezi sita alikuwa ameiuliza tena kwa ujumbe wa simu siku moja kabla ya kulipa, na kijana akajibu: "Ndiyo mama, usijali." Maneno matatu. Tuliyapeleka kwa meneja pamoja na mkataba. Yalichukua wiki tatu na barua mbili, lakini giaboksi ilitengenezwa kwa gharama ya yadi. Bila ule ujumbe ningemwambia pole, nami ningekuwa nimemaliza kazi.

Siku hizi nikimwagiza mtu kuchukua gari, namwambia aende mchana, jua likiwa juu na gari likiwa kavu. Gari lililooshwa muda huo huo linaficha mikwaruzo chini ya maji, na taa za ndani ya yadi zinaipendelea rangi. Awashe injini ikiwa ya baridi. Afungue buti, ahesabu jeki, spana na tairi la akiba. Adai ufunguo wa pili palepale, maana ufunguo unaosemwa "utaletwa wiki ijayo" nimeufuatilia mara nyingi mno. Fomu ya makabidhiano aisaini mwisho, na asiache nafasi yoyote tupu juu ya jina lake.