Vile vishamba vya kijani vya Uingereza sio vya tangu enzi na enzi

Watu wakiona picha za vijijini Uingereza, vishamba vya kijani vimegawanywa na ua wa miti, wanadhani vimekuwa hivyo tangu enzi na enzi. Sio kweli jamani, hasa maeneo ya katikati ya nchi. Zamani kijiji kilikuwa na mashamba makubwa wazi, kila mkulima ana vipande vyake vyembamba huku na kule, halafu karne ya 18 na 19 Bunge likapitisha sheria kibao za kuzungushia ua, ikapandwa miti ya miiba mistari imenyooka, na maskini wengi wakakosa malisho ya pamoja, inauma kwa kweli. Kijiji cha Laxton, mkoa wa Nottinghamshire, mashamba matatu wazi ya aina hiyo bado yapo, wakulima wanazunguka kila mwaka kukagua mipaka, na aliyelima akaingia njiani anapigwa faini.