Maktaba kwenye stempu za Marekani: yanayosemwa na ukweli wake

Stempu zenye majengo zina wapenzi wengi, na zile za maktaba za Marekani hazisumbui kupatikana. Tabu ni maelezo yanayoandikwa chini yake kwenye albamu.

"Hii ni maktaba ya New York University, pale Manhattan."
Stempu ya senti 18 ya mwaka 1981 inataja chuo hicho na msanifu wa jengo, Stanford White, kwa hiyo mtu huwaza moja kwa moja kampasi ya Washington Square. Sio huko. Jengo hilo lenye kuba ni Gould Memorial Library, na liko Bronx, sehemu nyingine ya jiji la New York, juu ya mto Harlem. Chuo kiliiacha kampasi hiyo ya Bronx mwaka 1973, na leo ni ya Bronx Community College. Yaani stempu ilipotoka, chuo kilichotajwa kilikuwa kimeshahama miaka 8 nyuma! Silioni kuwa kosa la posta, maana mfululizo wa stempu ilimotoka hii ulikuwa wa kuwaenzi wasanifu, na White ndiye aliyekisanifia chuo hicho maktaba. Anayeandika "Manhattan" ndiye aliyepotea njia.

"Jengo la Library of Congress lilijengwa 1800."
Stempu ya senti 33 ya mwaka 2000 iliadhimisha miaka 200 ya maktaba hiyo ya Bunge la Marekani kama taasisi, si ya jengo. Mwanzoni vitabu vilikaa ndani ya Capitol, jengo la Bunge hilo, na vikaungua humo Waingereza walipoichoma mwaka 1814. Jengo la maktaba, Thomas Jefferson Building, ambalo kuba lake linaonekana kwenye stempu likitazamwa kutoka ndani, lilifunguliwa 1897. Ukitaka sura ya nje, tafuta ya senti 20 ya mwaka 1982. Usiichanganye na nyingine ya mwaka huohuo na bei hiyohiyo, "America's Libraries": hiyo ina herufi tu, jengo hakuna.

"Stempu isiyo na bei ni feki."
Mtazame simba wa New York Public Library, stempu ya mwaka 2000. Tarakimu ya bei huioni, ila kuna maneno "Presorted Std". Ilikuwa ya barua za jumla ambazo mtumaji amezipanga mwenyewe kabla ya kuzifikisha posta. Ilihesabiwa senti 10, na kilichopungua akakilipia hapohapo. Simba wenyewe ni wawili, Patience na Fortitude, kazi ya Edward Clark Potter, na wamelala mbele ya mlango wa maktaba hiyo tangu 1911.

"Ya zamani, basi ni mali."
Za miaka ya 1980 zilichapwa kwa mamilioni, na wauzaji wengi huzinunua chini ya bei iliyoandikwa. Kwa barua za Marekani, stempu ya senti 18 bado ni halali, ukiongezea nyingine zifikie nauli ya leo. Na kama haijatumika, usiiloweke kwenye maji ili ing'ae: gundi ya nyuma ikitoka, mkusanyaji anashusha bei.