Cinque Terre: mambo mnayoambiwa ambayo sio kweli

Likizo zikikaribia tu watu wanaanza kurusha zile picha za vijumba vya rangirangi vimeng'ang'ania mwambani juu ya bahari, na chini ya picha kunakuwa na ushauri ambao mtu akiufuata anaharibu safari na hela zake. Nyingi ya hizo picha ni za Cinque Terre, mkoa wa Liguria, kaskazini magharibi ya Italia, sehemu ninayoipenda sana, ndo maana naandika.

Kwanza sio mji mmoja. Ni vijiji vitano: Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, na hakuna stesheni inayoitwa Cinque Terre, kwa hiyo ukikuta chumba kimeandikwa tu "Cinque Terre" fungua ramani kabla hujalipa, maana kinaweza kuwa La Spezia, mji wa jirani, ambapo sio pabaya na mara nyingi ni nafuu, ila ujue utakuwa unapanda treni kila asubuhi.

"Kodi gari ndo utakuwa huru." Hapana jamani. Barabara ni za milimani, nyembamba, kona juu ya kona, na ukifika gari haliingii kijijini, unaliacha huko juu kwenye paking chache na za bei. Huku usafiri ni treni. Kati ya La Spezia na Levanto, mji ulio upande wa pili wa vijiji, kuna treni inayosimama vijiji vyote vitano, toka kijiji hadi kijiji ni dakika chache tu na sehemu kubwa uko ndani ya handaki. Kama una gari liache La Spezia au Levanto. Na tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda, usipogonga ni faini hata kama umelipa nauli.

Sasa hili la watu kujaa ndo linapotoshwa zaidi. Kuna wanaosema usiende kabisa pamejaa, na kuna wanaosema siku moja inatosha, na hawa wa siku moja ndo wanaopajaza! Wanatoka Florence kwa mabasi, wengine wanashushwa na meli kubwa za kitalii bandari ya La Spezia, wote wanaingia asubuhi ikishapanda na kuondoka jioni kabla ya chakula cha usiku. Katikati ya hapo kichochoro cha Vernazza hakipitiki na kwenye platfomu za treni unasimama umebanwa. Lakini ukilala palepale, hata usiku miwili tu, saa moja asubuhi unakuta wavuvi na wazee wanasalimiana, na jioni bandari ndogo inabaki kwa wenyeji na wachache waliolala. Yani kinachoamua ni saa, sio mahali.

Na mwezi pia. Watu wanang'ang'ania Agosti kwa sababu ya jua, ila ndo mwezi Waitaliano wenyewe wako likizo, hasa kuzunguka tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto. Mimi ningesema Mei au mwisho wa Septemba, ila kwepa sikukuu zao: Pasaka, 25 Aprili, 1 Mei na 2 Juni. Oktoba inapendeza lakini mvua za vuli sio za kuchezea: tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko na matope yalifukia Vernazza na Monterosso na watu walikufa. Kwa hiyo ikitolewa tahadhari ya mvua na njia zikafungwa, usiruke kizuizi kwa sababu ya picha.

"Nikinunua kadi natembea kote." Inategemea kadi gani. Ya trekingi, yaani kutembea milimani kwa miguu, ni ya njia za kulipia na treni haimo, ile ya treni inajumlisha na treni, na bei inapanda kufuatana na siku na msimu. Ile Via dell'Amore maarufu, kati ya Riomaggiore na Manarola, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii, ikafunguliwa tena 2024, na kwa njia hiyo unabuku muda wako na kulipa ya ziada. Njia ya chini toka Manarola kwenda Corniglia imefungwa miaka mingi, watu wanapandia juu kijiji cha Volastra, kuzuri mno, ni mashamba ya mizabibu matupu kwenye kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Kuta hizo ni sehemu ya sababu UNESCO walipaweka kwenye urithi wa dunia 1997.

Ndala hapana. Toka 2019 ukikutwa njia za mlimani na viatu vya wazi faini inaanzia euro 50. Hata stesheni ya Corniglia hadi kijijini ni ngazi karibu 380, kama una mzee au mtoto subiri kibasi.

Ufukwe? Usitegemee mchanga mweupe kama wa Zanzibar. Ufukwe wa maana uko Monterosso, na sehemu kubwa ni ya kukodi kiti na mwavuli, kwingine watu wanaogelea kutoka kwenye miamba.

La mwisho ni viza, maana wengi wanaambiana "omba ubalozi wowote wa Schengen ulio rahisi", yaani wa zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Sio hivyo, unaomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kama ni Italia basi ni Italia, na bima ya afya iwe ya kuanzia euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, usisubiri wiki mbili za mwisho. Mwenye kibali cha kuishi cha nchi nyingine ya Schengen haombi viza tena kwa ziara fupi, lakini kibali cha Uingereza au cha nchi za Ghuba hakikusaidii hapa, na passport ya Tanzania au Kenya bado itahitaji viza.