Ritifaa ya Ng'ambo: namna ninavyoipanga xterm kwenye kompyuta ya zamani

Mjini Tabora kuna kata inayoitwa Ng'ambo, na ni jina hilo lililonilazimisha kurudi kwenye kitabu cha maelekezo cha xterm (terminali, yaani dirisha la kuiandikia kompyuta amri), ambacho kwa miaka mingi nilikuwa nakisoma kwa kurukaruka. Chama kimoja cha wafuga nyuki kilikuwa kimeniomba niwatengenezee rejesta ya wanachama kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye GB 2 za RAM. Niliwawekea Linux, kisimamizi chepesi cha madirisha na xterm, kisha nikaipanga rejesta kuwa faili moja la maandishi matupu ambamo kila mwanachama ana mstari wake: namba, jina, kata na kilo za asali alizoleta.

Siku ya tatu mweka hazina akaniita. "Mwanangu, hebu njoo ujionee mwenyewe. Kanyenye inakubali, Cheyo inakubali, Isevya inakubali. Ng'ambo imegoma." Mama huyu alikuwa amezoea kubofya mara mbili juu ya jina la kata ili lichaguliwe lote, kisha kulibandika ndani ya alama za kufungia kwenye amri ya grep, ile ya kutafuta maneno ndani ya faili, kwa kitufe cha kati cha kipanya. Nilimwomba arudie nikiwa nimesimama nyuma yake. Alipobofya Ng'ambo, zikageuka rangi herufi mbili tu, N na g, na alipobandika na kutafuta, skrini ikajaa majina ya watu wa kata zote ambao ukoo wao unaanza kwa Ng, ambao katika Unyamwezi si wachache.

Kosa halikuwa lake, wala la rejesta. Lilikuwa katika mpangilio mmoja wa terminali ambao mtu asiyeandika Kiswahili anaweza kuishi maisha yake yote bila kuuhitaji.

Kabla ya kuueleza niseme kwa nini nilichagua xterm wakati kuna terminali mpya zenye sura nzuri zaidi. Xterm ilianza mwaka 1984, mikononi mwa Mark Vandevoorde, kama programu ya kujitegemea ya kuigiza terminali kwenye mashine za VAXstation 100, wakati mfumo wa madirisha wa X wenyewe ndio kwanza unaanza kuandikwa. Tangu mwaka 1996 imekuwa ikitunzwa na Thomas Dickey. Kinachoigizwa humo ni mashine za kampuni ya DEC, VT100 ya mwaka 1978 na wadogo zake, na ndiyo sababu hadi leo dirisha la xterm hufunguka likiwa na safu 80 na mistari 24. Haihitaji kadi ya michoro yenye nguvu, haiburuti maktaba kubwa nyuma yake, na inapatikana karibu katika kila mfumo wa jamii ya Unix. Kwa kompyuta ya GB 2 ambayo pia inatakiwa kufungua kivinjari, hizo ni sifa ninazozithamini kuliko madirisha yanayopenyeza mwanga.

Kinachowashinda watu wengi ni kwamba xterm haina ukurasa wa mipangilio. Ina menyu fupi zinazofunguka ukishikilia Ctrl na kubofya, lakini unachobadilisha humo hupotea dirisha likifungwa. Mipangilio ya kudumu huandikwa katika faili la .Xresources, ambalo hukaa kwenye saraka yako ya nyumbani, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu takriban kila malalamiko ninayoletewa kuhusu xterm yanatokana na jambo moja: xterm hailisomi faili hilo. Anayelisoma ni programu nyingine inayoitwa xrdb, ambayo huyachukua yaliyomo na kuyakabidhi kwa seva ya X, yaani programu inayosimamia skrini na madirisha, iyahifadhi kwenye kumbukumbu yake. Xterm inapoanza, huiuliza seva, na ikishajibiwa haiulizi tena. Kwa hiyo ukihariri faili bila kuyapeleka mabadiliko kwa seva, hakuna kitakachobadilika, na hata ukiyapeleka, madirisha yaliyokwisha kufunguliwa yatabaki yalivyo. Mfuatano sahihi ni huu: hariri, peleka, fungua dirisha jipya.

xrdb -merge ~/.Xresources

Nimeandika -merge kwa makusudi. Ukitumia -load, kila kilichokuwemo kwenye kumbukumbu ya seva kinafutwa na kuwekwa faili lako peke yake, pamoja na yale ambayo mfumo wako wa eneokazi ulikuwa umeyaweka kimyakimya, kama vile ukubwa wa maandishi. Na ili kujua seva ina nini hasa, uliza kwa amri ya xrdb -query. Nimeifanya kuwa desturi: mtu akiniambia "nimeandika lakini haifanyi kazi", sifungui faili lake kwanza, naiuliza seva.

Kuna mitego mitatu midogo ndani ya faili lenyewe. Maelezo ya pembeni huanza kwa alama ya mshangao, si kwa #, kwa sababu xrdb hulipitisha faili kwanza kwenye kichakataji awali cha lugha ya C, nacho kikiona # mwanzoni mwa mstari hudhani kimepewa amri. Kichakataji hichohicho kinaweza kutoa onyo ukiandika ritifaa, yaani alama ya ', kwenye maelezo yako, kikidhani umefungua alama na kusahau kuifunga. Mwenye maelezo ya Kiswahili yaliyojaa ng' ataliona onyo hilo mapema, na anaweza kuliepuka kwa kuongeza -nocpp kwenye amri. Mtego wa tatu ndio ulionipotezea jioni nzima: nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa mstari huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani. Nilikuwa nimeandika rangi sahihi kabisa, xterm ikawa inaikataa, na macho yangu hayakuona kosa lolote kwa sababu halikuwa na umbo. Siku hizi naandika xrdb -query | cat -A, ambayo huweka alama ya $ mwishoni mwa kila mstari. Alama hiyo ikisimama mbali na neno la mwisho, umempata mwizi.

Sasa turudi kwenye Ng'ambo. Unapobofya mara mbili, xterm haijui neno ni nini. Inachojua ni kwamba kila herufi ina namba, na kila namba imepangiwa kundi. Herufi a hadi z, kubwa na ndogo, tarakimu zote na mstari wa chini vimewekwa pamoja katika kundi la 48, ambayo ni namba ya tarakimu sifuri katika mpangilio wa ASCII. Alama nyingi zilizosalia kila moja iko peke yake. Xterm huanzia pale ulipobofya, ikapanua uteuzi kushoto na kulia hadi ikutane na kitu cha kundi tofauti, kisha husimama. Ritifaa ni namba 39, nayo kwa asili iko peke yake. Kwa macho ya xterm, basi, Ng'ambo si neno moja bali ni vipande vitatu, na mtu anayebofya upande wa kulia angepata ambo. Kwetu sisi ng' ni sauti moja, na ritifaa ile ni sehemu ya tahajia kama ilivyo herufi yoyote. Ng'ombe bila ritifaa si ng'ombe. Dawa yake ni mstari mmoja:

XTerm.vt100.charClass: 39:48,45-47:48

Sehemu ya kwanza inaihamisha ritifaa kwenda kundi la herufi. Sehemu ya pili niliiongeza kwa faida yangu, kwani namba 45 hadi 47 ni kistari, nukta na mkwaju, na zikiwa kundi moja na herufi, njia nzima ya faili huchaguliwa kwa mibofyo miwili. Mpangilio huu una gharama ambayo ni haki niiseme: neno lililofungwa ndani ya alama moja-moja sasa litachaguliwa pamoja na alama zake. Mimi nimeikubali gharama hiyo, na kwenye skripti zangu natumia alama mbili-mbili.

Hilo la alama mbili-mbili lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Mama mweka hazina alikuwa amewahi kuandika grep Ng'ambo rejesta.txt bila kufungia, na kompyuta ikamrudishia alama ya > na kukaa kimya. Hapo terminali haikuwa na hatia. Sheli, yaani ile programu inayopokea amri ndani ya dirisha, iliiona ritifaa ikadhani nukuu imefunguliwa, ikawa inasubiri ifungwe. Ukikwama hapo, bonyeza Ctrl na C, kisha andika upya:

grep "Ng'ambo" rejesta.txt

Na kama jina lilinakiliwa kutoka kwenye waraka uliochapwa kwa programu ya ofisi, ritifaa inaweza kuwa ile iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Utatafuta Ng'ambo na hutaipata ingawa unaiona. Nililisafisha faili la chama mara moja kwa amri ya sed, inayobadilisha maandishi, "s/’/'/g" rejesta.txt, nikayaweka matokeo kwenye faili jipya, na hesabu ya wanachama wa kata hiyo ikakaa sawa.

Rangi ndilo jambo ambalo sikubaliani na desturi ya mafundi wenzangu. Wengi huweka usuli mweusi kwa sababu ndivyo walivyoikuta kwa waliowafundisha. Ofisi ya chama ina dirisha kubwa linalotazama magharibi, na jua la Oktoba la Tabora, kabla mvua hazijaanza, linaingia hadi mezani. Skrini ya zamani yenye usuli mweusi ikipigwa na mwanga huo inageuka kioo, na mtu hujiona uso wake badala ya rejesta. Niliweka usuli wa rangi ya karatasi na maandishi meusi. Ila ukifanya hivyo tambua kwamba baadhi ya rangi za asili za xterm zinapauka juu ya usuli mweupe, hasa njano, yaani rangi ya 3, na kijani, yaani rangi ya 2. Nimezitia giza:

XTerm.vt100.background: #fbf6e6
XTerm.vt100.foreground: #1c1c1c
XTerm.vt100.color2: #2f6b1f
XTerm.vt100.color3: #8a6a00
XTerm.vt100.color10: #2f6b1f
XTerm.vt100.color11: #8a6a00

Anayebaki na usuli mweusi ana tatizo la upande wa pili: rangi ya 4 kwa asili ni buluu nzito isiyosomeka juu ya giza, kwa hiyo aipandishe hiyo.

Msomaji makini ameshaona kwamba kila mstari wangu una vt100 katikati. Ningeweza kuandika XTerm*background kwa kinyota, na ingefanya kazi, lakini kinyota hushika kila kitu chini ya jina hilo, menyu zikiwemo, wakati vt100 hulenga sehemu ya maandishi peke yake. Angalia pia kwamba X na T zote ni kubwa. Na kama unafungua dirisha kwa amri ya uxterm, fahamu kwamba hiyo hujitambulisha kwa jina la UXTerm, na mistari yote ya XTerm haitaigusa.

Kuhusu fonti sina mengi. Natumia DejaVu Sans Mono, ambayo inatenganisha vizuri sifuri na O, na moja na l. Kwenye rejesta yenye namba za uanachama hilo halina mjadala. Ukubwa ni 13 kwa macho ya wanaoitumia, si 10 ninayoipenda mimi. Mstari wa tatu hapa chini ni wa kuhifadhi mistari iliyokwisha kupita juu ya dirisha.

XTerm.vt100.faceName: DejaVu Sans Mono
XTerm.vt100.faceSize: 13
XTerm.vt100.saveLines: 5000

Kunakili na kubandika kunahitaji maelezo, kwa kuwa X ina hifadhi mbili. Ulichokichagua kwa kipanya kinaingia ya kwanza, PRIMARY, na hubandikwa kwa kitufe cha kati. Ulichokinakili kwa Ctrl na C kwenye kivinjari kinaingia ya pili, CLIPBOARD. Xterm kwa kawaida hushughulika na ya kwanza. Upo mpangilio wa selectToClipboard unaoihamishia kwenye ya pili, na watu wengi huupendekeza, lakini siutumii, kwa sababu kila unapogusa neno kwa kipanya unafuta ulichokuwa umekinakili kwingine. Naona ni bora kuongeza vitufe:

XTerm.vt100.translations: #override \n\
 Ctrl Shift <Key>C: copy-selection(CLIPBOARD) \n\
 Ctrl Shift <Key>V: insert-selection(CLIPBOARD)

Hapo ile onyo ya nafasi tupu inarudi kwa nguvu zote: baada ya mkwaju wa nyuma wa mwisho wa mstari pasiwe na kitu chochote, vinginevyo mstari unaofuata hautaunganishwa.

Jambo la mwisho linahusu jina ambalo terminali hujitambulisha nalo inapoingia kwenye seva ya mbali kwa ssh. Nimeiandikia hivi:

XTerm.termName: xterm-256color

Jina hili linajulikana karibu kila seva. Nilipokuwa nikitumia foot, terminali nyingine ambayo ni nyepesi na ni chaguo zuri kwa aliyehamia Wayland, mfumo mpya wa madirisha unaochukua nafasi ya X, seva moja ya zamani ilikuwa inanikatalia hata kufungua kihariri, ikidai haiijui terminali ya aina hiyo, mpaka nilipoipelekea maelezo yake kwa amri za infocmp na tic. Kwa kompyuta ya chama sikutaka mama mweka hazina akutane na ujumbe wa namna hiyo nikiwa safarini.

Faili zima halifiki mistari ishirini. Nimeweka nakala yake kwenye diski mweko inayokaa ndani ya bahasha, nyuma ya daftari la stakabadhi, na juu ya bahasha nimeandika amri ya xrdb kwa kalamu, herufi kwa herufi, pamoja na alama ya ~ na mkwaju vilivyo mahali pake.