Je, wajua kwa nini bastola yenye kiwambo cha sauti bado inapiga kelele?

Msomaji wa riwaya za kijasusi huijua sentensi hii kabla hajaifikia: jamaa anachomoa bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti, inasikika "tff!", na aliyelala chumba cha pili anaendelea kukoroma. Sasa nenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha huko Texas au Arizona, ambako raia wa kawaida anaweza kumiliki kiwambo kihalali, usimame karibu na mtu anayefyatua bastola ya milimita 9 iliyofungwa kiwambo. Utaruka. Bila kiwambo bastola hiyo hutoa mlio wa desibeli 160 hivi. Ikifungwa kiwambo kizuri hushuka hadi kama 130. Masikio yamepumzishwa kweli, kwa sababu mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 unahesabiwa kuwa wa kuharibu usikivu papo hapo. Lakini anayekoroma ataamka, na jirani yake pia.

Sababu ni kwamba kelele ya bunduki ina vyanzo vitatu, na kiwambo kina mamlaka juu ya kimoja tu.

Hicho kimoja ni gesi. Baruti ikiungua ndani ya ganda huzaa gesi ya moto sana iliyobanwa, nayo ndiyo inayosukuma kichwa cha risasi. Kichwa kikishatoka mdomoni mwa mtutu, gesi inafumka nyuma yake kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Kiwambo ni mkebe mrefu uliogawanywa vyumba kwa visahani vyenye tundu katikati. Risasi inapita moja kwa moja. Gesi inapotezwa njia, inazunguka vyumbani, inapoa, inatoka kwa utaratibu. Yeyote aliyewahi kusikia bodaboda iliyotobolewa ekzosi ameshaelewa nusu ya somo. Na ulinganisho huo una historia yake: Mmarekani aliyepata hataza ya kiwambo mwaka 1909, Hiram Percy Maxim, alikuwa mhandisi wa magari na alishughulika pia na kutuliza injini. Baba yake ndiye Hiram Maxim, mvumbuzi wa bombomu, silaha ya aina ile iliyowafyeka wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge mwaka 1905. Baba alileta kelele, mwana akahangaika kuizima.

Chanzo cha pili ni risasi yenyewe ikiwa angani. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Kitu kinachokwenda kasi kuliko hapo huchana hewa na kutoa mlio mkali, kama ncha ya mjeledi. Risasi ya kawaida ya milimita 9, yenye kichwa cha gramu 7.5 hivi, hutoka kwa kasi ya mita 350 na zaidi, kwa hiyo inapiga mjeledi njia nzima hadi kwenye shabaha. Mkebe uliobaki nyuma mdomoni mwa mtutu utafanya nini? Dawa yake ni risasi nzito na ya taratibu: ile ya gramu 9.5 huenda kama mita 300 tu kwa sekunde. Kipenyo cha .45 (yaani sehemu ya inchi) kimezaliwa mpole, kwani kichwa chake cha takriban gramu 15 hakifiki hata mita 280.

Cha tatu ni vyuma: slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, inayorudi nyuma na kugonga, ganda linalorushwa. Hicho ni kidogo, ingawa vingine vikishatulia ndicho unachobaki kukisikia.

Ukielewa hapo, swali la mwenye mfuko mwembamba, yaani aanze na bastola ipi na kiwambo kipi, linajijibu karibu lenyewe. Watu wengi huanza kwa kuuliza kiwambo gani ni kizuri, wakati sehemu kubwa ya utulivu huamuliwa na risasi na aina ya bastola. Ndiyo maana wazoefu wa Marekani humwelekeza anayeanza kwenye kipenyo cha .22, risasi ile ndogo ya kufundishia watoto kulenga. Baruti yake ni chembe tu, na ikifyatuliwa kwenye mtutu mfupi wa bastola mara nyingi haifikii kasi ya sauti, hata kama pakiti yake inajisifu kwa mbio. Ikifungwa kiwambo hushuka hadi desibeli 115 au 118 hivi. Hiyo ndiyo inayokaribia "tff" ya riwayani.

Kuna jambo la kifundi pia, na hapa ndipo wanunuzi wengi hutoa pesa bila kujua. Bastola nyingi za milimita 9 zinafuata mfumo wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani: mtutu wenyewe hurudi nyuma kidogo na kuinama ili slaidi ifunguke. Ukiutundikia mkebe mzito mdomoni, mtutu unakuwa kama punda aliyezidishiwa shehena. Unagoma kuinama, na bastola inakwama baada ya risasi moja. Kwa hiyo kiwambo cha milimita 9 huhitaji kifaa chenye springi na pistoni, ambacho kwa sekunde ile moja huuachia mtutu uhuru wake. Hicho ni gharama. Mtutu wenye hesi za kufungia kiwambo nao mara nyingi ni wa kununua pembeni, na kwa kuwa mkebe huziba vilengeo vya kawaida, itabidi uvipandishe. Gharama juu ya gharama.

Bastola ya .22 kama Ruger Mark IV haina habari hizo. Mtutu wake umekazwa, hauendi popote; unachagua ile iliyotoka kiwandani na hesi, unazungusha kiwambo, basi. Viwambo vya .22 vinapatikana kwa dola 250 hadi 450, wakati vya milimita 9 kwa kawaida huanzia karibu mara mbili ya hapo. Sharti moja nisingelilegeza: kiwambo cha .22 lazima kifunguke. Risasi hizi ni za risasi tupu (lugha yetu imetupa neno moja kwa madini na kwa silaha), na masizi yake ya madini hujaa ndani mpaka mkebe unakuwa mzito mkononi. Usichoweza kukifungua hutaweza kukisafisha. Na masizi hayo ni sumu, hivyo glavu si mapambo.

Tukija kwenye sheria, mambo yamebadilika juzi tu. Sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 1934 ilitoza kila kiwambo kodi ya dola 200, ambazo kwa thamani ya leo zinapita dola 4,500. Lengo halikuwa mapato. Ilikuwa ni kumfukuza mnunuzi. Kiasi hicho hakikuwahi kupandishwa, mfumuko wa bei ukakila polepole kwa miaka 90, hadi kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kodi ikawa sifuri. Wengine wakadhani milango imefunguliwa. Haikufunguliwa. Bado kuna fomu ya serikali, alama za vidole, picha, uchunguzi wa historia yako, na namba ya kiwambo kuandikwa kwa jina lako. Majimbo 42 yanaruhusu; California, New York, Illinois na mengine matano hayataki hata kusikia. Kukutwa nacho bila usajili kunaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 10, na kumwachia shemeji akitumie ukiwa safarini kunaweza kuhesabika hivyo hivyo.

Kwa ndugu zetu walioko huko: machoni pa sheria ya shirikisho kiwambo peke yake kinahesabiwa kuwa silaha, hata kikiwa kabatini bila bunduki. Mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, chini ya sheria za jimbo lake. Na usifikirie kukitia kwenye sanduku la kurudi nyumbani.

Halafu kuna kungoja. Unalipa leo, lakini kiwambo kinabaki kwenye sefu ya muuzaji mpaka serikali ijibu. Zamani ilikuwa miezi minane, hata mwaka. Siku hizi wengine hujibiwa ndani ya siku chache. Maduka yenye uwanja wao wa shabaha humruhusu mnunuzi kuja kukifyatulia pale pale chini ya macho yao, kisha kinarudishwa ndani na yeye anaondoka mikono mitupu, kama bwana aliyemaliza kulipa mahari na mke bado yuko kwao.