Je, wajua kwa nini printa husahau fonti ikizimwa?

Asubuhi printa imetoa lebo za msimbopau bila kasoro. Umeme ukakatika, ukarudi, mtu akaiwasha na kutuma lebo zilezile: mara hii, palipokuwa na michirizi myeusi pametokea tarakimu za kawaida. Faili ni ileile na kompyuta haikuguswa. Ile michirizi ilikuwa fonti, yaani seti ya michoro ya herufi, na fonti yenyewe printa iliazimwa tu.

Kwa printa, A ni nambari 65 inayoita mchoro fulani, na mchoro huo lazima utoke mahali. Huenda umewekwa kwenye chipu tangu kiwandani. Huenda umo kwenye katriji ya fonti iliyochomekwa ubavuni, mtindo uliotamba miaka ya 1980. Au kompyuta imeutuma kwa waya, ukakaa kwenye RAM ya printa, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Huu wa tatu ndio fonti laini. Ulaini wake hauhusu sura ya herufi. Ni laini kama softiwea ilivyo laini, yaani ni data tupu. Huitwa pia fonti ya kupakuliwa, na neno kupakua hapa linageuka kidogo, maana tumezoea kujipakulia vitu kutoka intaneti, ilhali hapa kompyuta ndiyo inayoshusha mzigo na printa inapakiwa.

Kwa nini kompyuta isichore ukurasa mzima na kuutuma kama picha? Piga hesabu. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kila inchi ina nukta 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7. Hata kwa biti moja kila nukta (biti nane ni baiti moja), hiyo ni zaidi ya MB 1. LaserJet Plus ya HP, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na uwezo wa kupokea fonti za kupakuliwa, ilikuwa na kumbukumbu ya KB 512. Picha ya ukurasa kamili haikuenea humo.

Sasa chukua herufi moja ya pointi 12. Inchi ina pointi 72, kwa hiyo pointi 12 ni sehemu ya sita ya inchi, sawa na nukta 50. Tuipe herufi kisanduku cha nukta 50 kwa 50: ni nukta 2,500, au baiti 313 hivi. Herufi 200 za namna hiyo zinakula takriban KB 60. Zikishaingia, kila unapotaka A unatuma baiti moja tu, na ukurasa wenye herufi 2,000 unasafiri kwa baiti 2,000 na ushee. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza unaweza kukuweka, kisha inayofuata ikamiminika.

Ila ukitaka pointi 24, kisanduku kinaongezeka maradufu kila upande na uzito unakuwa mara nne: KB 240 kwa ukubwa mmoja, herufi za kawaida peke yake. Nene ni fonti nyingine, ya mlalo (italiki) nyingine. Printa za mwanzo za aina hiyo hazikuweza hata kuzungusha herufi, kwa hiyo karatasi ya kulala, inayochapwa kwa upana, ilihitaji faili lake la fonti. Afueni ni fonti za mistari na mikunjo, ambazo printa huzichora yenyewe kwa ukubwa wowote. PostScript, lugha ya kuielekeza printa, ilikuwa nazo tangu mapema, na LaserJet III ikazileta mwaka 1990 pamoja na PCL 5, toleo la lugha ya HP yenyewe ya kuielekeza printa.

Kuifundisha printa fonti, kwa lugha ya PCL, huanza na alama ya Escape, nambari 27. Kompyuta inaipa fonti namba ya utambulisho, inatuma maelezo yake ya jumla, kisha inataja nambari ya kila herufi na kufuatisha mchoro wake. Zamani kwenye DOS, mfumo wa kompyuta wa kuandika amri, ilitosha kuandika `copy /b` pamoja na jina la faili na `lpt1`, yaani tundu la printa. Hiyo `/b` haikuwa pambo. Bila hiyo, amri ingeweza kukutana na baiti ya 26 katikati ya mchoro, ikaidhani ni mwisho wa faili, na fonti ikaingia nusu.

Mwishoni kompyuta husema kama fonti ni ya muda au ya kudumu. Ya muda hufutwa printa inapowekwa upya kwa amri. Ya kudumu hubaki, lakini kudumu kwenyewe ni kwa mzaha: ukizima swichi, nayo imekwenda.

Fonti ikikosekana printa haigomi. Ya PostScript kwa kawaida huchukua Courier, fonti yenye sura ya taipureta. Ya PCL hutafuta inayofanana, na katika vigezo vyake jina la familia ya fonti huja karibu mwisho, baada ya seti ya alama, nafasi, ukubwa na unene. Hapo ndipo lebo zetu zilipogeuka tarakimu.

Haya yote yanahitaji printa inayoelewa PCL au PostScript. Nyingi za bei nafuu hupokea nukta zilizokwisha kuchorwa na kompyuta, kwa hiyo hazina pa kuweka fonti. Kwa zinazoweza, dawa ni kutuma fonti upya kila printa inapowashwa, au kuihifadhi kwenye kumbukumbu ya flashi au diski ya printa kama ipo. Herufi zikitoka zimevurugika, fungua mipangilio ya draiva (programu ya kompyuta inayoiendesha printa) na uchague fonti za TrueType, aina ya fonti za kompyuta, zitumwe kama picha za nukta. Uchapaji utapungua kasi, lakini herufi zitatoka kama unavyoziona kwenye skrini.